Daktari Anajibu: Njia ya Uzazi Iliyoumbika Tofauti

Miongoni mwa barua zilizotufikia katika miezi mitatu iliyopita zimo nne ambazo waandishi wake hawafahamiani wala hawaishi mkoa mmoja, lakini zote zinahusu jambo ambalo mwanamke kwa kawaida hulisikia kwa mara ya kwanza siku anapoambiwa kwamba analo: viungo vya uzazi vya ndani vilivyoumbika, tangu tumboni mwa mama, kwa namna isiyo ya kawaida. Nimeomba safu nzima ya toleo hili kwa ajili ya barua hizo, na kabla ya ile ya kwanza naomba nieleze viungo hivyo huumbikaje, ili nisilazimike kurudia maelezo yaleyale mara nne.

Mtoto wa kike akiwa tumboni, kwenye wiki ya 6 hivi ya ukuaji wake, hujitokeza ndani yake mifereji miwili myembamba, mmoja kulia na mmoja kushoto, ambayo wataalamu huiita mifereji ya Müller kwa jina la Johannes Müller, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1830. Sehemu za juu za mifereji hiyo hubaki mbalimbali zikawa mirija ya uzazi, na sehemu za chini husogeleana, zikagusana na kuungana ziwe mfuko mmoja wa uzazi, mlango wake, na sehemu ya juu ya uke. Pale zinapoungana hubaki kiambaza katikati, mithili ya vyumba viwili vilivyojengwa ubavu kwa ubavu, na kiambaza hicho huyeyuka kidogo kidogo mpaka kikaisha kufikia wiki ya 20 hivi. Huku chini nako uke huwa bado umeziba, na hufunguka baadaye. Basi mfereji mmoja au yote miwili isipokua, mfuko wa uzazi hukosekana au huwa nusu; mifereji isipoungana, huwa mifuko miwili; kiambaza kisipoyeyuka, mfuko hubaki umegawanyika; na njia ya chini isipofunguka, kila kilichoko juu yake hukosa pa kutokea.

Vifuko vya mayai vina chimbuko lake vyenyewe, hivyo msichana asiye na mfuko wa uzazi anaweza kuwa na mayai mazima kabisa. Figo nazo huumbika jirani na mifereji hiyo, wakati uleule, na kwa hiyo yeyote anayegundulika na hitilafu ya aina hii hutazamwa figo pia, kwa kuwa si ajabu kumkuta ana moja tu. Mambo haya mawili msomaji ayashike.

*

Daktari, salaam. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Tangu mwezi wa tatu, kila mwezi anashikwa na maumivu chini ya kitovu kwa siku tatu au nne, kisha yanaacha. Hajavunja ungo. Zahanati walisema ni UTI, amemeza dawa mara nne. Jirani akasema ni chango, tukampa dawa ya mizizi. Tangu juzi tumbo limejaa, mkojo unatoka kwa matone, na wifi yangu ameanza kusema mtoto ana mimba. Nilipokuwa na mimba yake nilikula sana udongo na nilikunywa dawa za mitishamba. Je, ni mimi niliyemsababishia? — Mama wa binti, Lushoto

Mama, barua yako hatukuiacha ingoje siku ya jarida kutoka. Tulikupigia simu siku ileile ili mwende hospitali ya mkoa bila kulala, kwa sababu mtu aliyezuiliwa na mkojo hangojeshwi. Ninaichapa sasa kwa idhini yako, kwa ajili ya mama mwingine ambaye binti yake bado anatibiwa chango.

Maumivu yanayokuja kwa mwezi na kuondoka kwa mwezi, kwa msichana mwenye matiti yaliyokwisha kuota, ni hedhi mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama hakuna tone la damu lililoonekana. Binti yako alikwisha kuvunja ungo tangu mwezi wa tatu, ila damu haikupata njia. Kwa wasichana wengi walio katika hali hii kizinda hakina tundu. Hitilafu hii ni adimu lakini si ya ajabu, na humpata msichana mmoja kati ya elfu moja au mbili hivi. Damu ya mwezi wa kwanza hukaa ukeni, ya mwezi wa pili hujazana juu yake, uke hutanuka kama kiriba, na kiriba hicho hukandamiza njia ya mkojo iliyo mbele yake. Mkojo hukwama, msichana huhisi kuungua na kubanwa, na anayemsikiliza kwa haraka huandika UTI. Sisemi haya kumlaumu mhudumu yeyote wa zahanati, ambaye pengine siku hiyo alikuwa na wagonjwa 80 kwenye benchi, lakini laiti kila msichana wa umri huu anayeandikiwa dawa ya UTI kwa mara ya pili angeulizwa swali moja dogo: umeshaanza kuona siku zako?

Uchunguzi wake hauhitaji kuingiza kidole wala chombo chochote. Binti hulala chali, mama au nesi akiwa pembeni, na daktari hutenganisha mashavu ya uke akatazama. Kizinda kisicho na tundu huonekana kimevimba kuja nje, chembamba, chenye rangi ya bluu iliyofifia kwa damu iliyo nyuma yake. Ultrasaundi ya juu ya tumbo huonesha uke uliojaa na pengine mfuko wa uzazi uliojaa pia, na papo hapo mpimaji aombwe atazame figo zote mbili. Kipimo hicho ndicho kitakachomnyamazisha wifi.

Tiba ni upasuaji mfupi, binti akiwa amelazwa kwa nusu kaputi: kizinda hukatwa, kingo zake hupunguzwa na kushonwa ili zisirudi kushikana, na damu nzito, nyeusi kama molasi, huachwa itoke yenyewe bila tumbo kukandamizwa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, na hedhi za baadaye hufuata njia yake. Kitu kimoja tu nakataza kwa nguvu zangu zote, nacho ni kutoboa kwa sindano au kwa wembe, awe anayetoboa ni mkunga wa nyumbani au mhudumu mwenye haraka. Tundu dogo halitoi damu yote, bali huwapa vijidudu mlango wa kuingia katika damu iliyolala, na maambukizi yake yanaweza kupanda hadi kwenye mirija na kumharibia binti uzazi ambao hapo awali haukuwa na kasoro.

Najua kuna swali hukuliandika, mama, kwa kuwa karibu kila mzazi huliuliza akiwa mlangoni anaondoka: je, ataondolewa bikira? Kizinda hakipimi mwenendo wa mtu. Huumbwa kwa maumbo mengi, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko mwaka 2018 kutaka upimaji wa bikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wowote wa kitabibu. Daktari anaweza kuacha ukingo wa kizinda ubaki kama ulivyo kwa wasichana wengine, na mkitaka atawaandikia barua inayoeleza upasuaji uliofanyika. Itunzeni pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kuna binti wachache ambao dalili zao ni hizihizi, lakini kilichoziba si kizinda, bali kiambaza kinachokingama ndani zaidi ya uke, ambacho kinaweza kuwa kinene. Akitazamwa kwa nje haonekani na uvimbe wa bluu, au huonekana ana tundu la kawaida lisilofika mbali. Huyo asikatwe kwa haraka. Apigwe kwanza picha ya MRI ili unene na kimo cha kiambaza vijulikane, maana kukata kwa kubahatisha kunaweza kujeruhi kibofu au utumbo mpana, na kovu lake huubana uke upya. Wakati anasubiri nafasi katika hospitali kubwa, hupewa vidonge vya homoni vinavyosimamisha hedhi, hivyo maumivu hutulia na damu haiongezeki. Vilevile yuko msichana ambaye njia yake ilikuwa wazi alipozaliwa, ikaja kuzibwa na kovu la ukeketaji. Yule hakuumbika hivyo, na matibabu yake ni mengine.

Nakuja kwenye udongo na mitishamba. Kula udongo na kunywa dawa zisizojulikana wakati wa mimba kuna madhara yake, na sikushauri wala simshauri mwingine yeyote, ila hakuna ushahidi kwamba kuliziba njia ya binti yako. Kwa wanawake wengi wenye hitilafu za aina hii chanzo hakijulikani, nacho hutokea katika wiki ambazo mama wengine hawajatambua hata kama ni wajawazito. Dawa moja tu imethibitika waziwazi kuharibu umbo la mfuko wa uzazi wa mtoto wa kike aliye tumboni, nayo ni homoni ya kutengenezwa iitwayo diethilstilbestroli, ambayo wajawazito wa Marekani na kwingineko walipewa kwa miaka mingi kwa matumaini ya kuzuia mimba kutoka, mpaka Marekani ilipoonya mwaka 1971 kwamba wajawazito wasipewe tena. Hukuinywa hiyo. Acha kujihukumu.

*

Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina miaka 21, sijawahi kuona siku zangu. Kwa nje niko kama wenzangu wote. Nimepimwa ultrasaundi mahali patatu: pa kwanza waliandika "kizazi kidogo", pa pili "kizazi hakionekani vizuri", pa tatu wakanipa vidonge vya kuleta hedhi kwa miezi sita na hakuna kilichotoka. Mganga amesema kizazi changu kimefungwa na mtu wa karibu. Mchumba wangu ameleta posa na harusi inazungumzwa. Je, mimi ni mwanamke kamili? Nitaweza kuolewa? Nitazaa? — Binti wa Morogoro

Marahaba, binti yangu. Sijakuona wala sijakupima, kwa hiyo ninachokwambia ni kile ninachokidhania zaidi, pamoja na vipimo vya kukithibitisha au kukikanusha.

Msichana mwenye matiti na nywele za kawaida, asiyepata maumivu ya kila mwezi, ambaye hadi miaka 21 hajaona hedhi, kwanza afikiriwe hali iitwayo kwa kifupi MRKH, herufi za majina ya madaktari wanne wa Ulaya walioieleza kwa nyakati mbalimbali: Mayer, Rokitansky, Küster na Hauser. Humpata msichana mmoja katika kila 4,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mifereji ile miwili niliyoitaja mwanzoni haikukua. Mfuko wa uzazi haupo, au vipo vivimbe viwili vidogo vya msuli mahali pake, na uke ni mfupi, wakati mwingine ni kama kishimo tu. Vile vivimbe ndivyo ambavyo mpimaji asiyewahi kuiona hali hii huviandika "kizazi kidogo", na hapo ndipo huanza safari ya vidonge. Vidonge vya kuleta hedhi haviwezi kuotesha mfuko wa uzazi uliokosekana. Kutotoka damu kwa miezi sita kulikuwa jibu tosha, lakini hakuna aliyelisoma.

Vipimo vinavyokuhusu si vingi. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake akuangalie kwa upole, aombe ultrasaundi kutoka kwa mtu mzoefu au MRI, achukue damu kupima homoni, na achukue damu ya kipimo cha kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo ndani ya chembe za mwili. Hicho cha mwisho kisirukwe, kwa sababu kuna hali nyingine inayofanana na MRKH kwa nje, ya mwanamke mwenye kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za mwanamume, lakini mwili wake hauitikii homoni za kiume. Huyo huwa na nywele chache sana za kwapani na za sehemu za siri, hana vifuko vya mayai, na tezi zilizomo tumboni mwake huhitaji kufuatiliwa au kuondolewa kwa kuwa zinaweza kuota uvimbe mbaya. Kwa MRKH kromosomu ni XX na homoni ni za kawaida. Ikithibitika, upigwe picha ya figo, uulizwe kama unasikia vizuri, na uti wa mgongo utazamwe, maana hitilafu za sehemu hizo huambatana nayo mara kwa mara.

Umeuliza kama wewe ni mwanamke kamili. Ndiyo. Vifuko vyako vya mayai, kama ni MRKH, hutoa yai na homoni mwezi hadi mwezi kama vya dada yako, na matiti yako ni kazi ya homoni hizo. Kilichokosekana ni kiungo kimoja na sehemu ya kingine. Hakuna aliyekufunga, na pesa za mganga zingetosha nauli ya kwenda Muhimbili na kurudi.

Kuhusu kuolewa, maana yake kwa wengi wanaouliza ni tendo la ndoa, na hapa habari ni njema kuliko unavyodhani. Njia inayoshauriwa kwanza si kisu. Ni vipanuzi, yaani vijiti laini vya plastiki au silikoni vyenye unene unaopanda hatua kwa hatua, ambavyo mwanamke mwenyewe, baada ya kufundishwa, hukandamiza taratibu mahali pa uke kwa dakika 10 hadi 30, mara moja hadi tatu kwa siku, kwa miezi kadhaa. Ngozi ya hapo hunyumbulika, uke ukarefuka, na zaidi ya wanawake 90 katika kila 100 wanaoifuata njia hii kwa uvumilivu hufanikiwa. Upasuaji wa kutengeneza uke upo wa namna kadhaa, kwa ngozi ya paja, kwa utando wa tumboni au kwa kipande cha utumbo, na una nafasi yake kwa wale ambao vipanuzi vimeshindwa. Lakini baada ya upasuaji mwingi wa namna hiyo vipanuzi vinahitajika vilevile ili njia isijifunge, kwa hiyo anayekimbilia kisu akikwepa vipanuzi huvikuta vinamsubiri mbele, safari hii pamoja na kovu. Kazi hii ianze siku utakayokuwa tayari wewe. Tarehe ya harusi isiwe ndiyo inayopanga ratiba ya mwili wako, wala mama mkwe, wala kungwi, hata kama anakutakia mema.

Kuzaa ni swali gumu zaidi, na sitalipaka sukari. Mimba haiwezi kukaa tumboni mwako bila mfuko wa uzazi. Mayai yako yanaweza kuchukuliwa, yakarutubishwa kwa mbegu za mume wako nje ya mwili, na mimba ikabebwa na mwanamke mwingine, ila jambo hilo lina gharama kubwa, sheria zake hutofautiana nchi na nchi, na dini zina maneno yake ambayo wewe na mume wako mtayapima. Kuasili mtoto ni njia ya pili. Ya tatu ni mpya: Septemba 2014, huko Göteborg nchini Sweden, timu ya Profesa Mats Brännström ilitangulia wote duniani kumzalisha mwanamke aliyepandikizwa mfuko wa uzazi, alizaliwa bila mfuko, kama wewe, akapewa na rafiki wa familia aliyekuwa na miaka 61. Desemba 2017 huko São Paulo, Brazili, alizaliwa mtoto kutoka katika mfuko wa mwanamke aliyekwisha kufariki. Upandikizaji huo hufanyika katika hospitali chache duniani, humlazimu mama kumeza dawa kali za kushusha kinga ya mwili ili usikataliwe, na mfuko huondolewa baada ya mtoto mmoja au wawili. Nakutajia ili ujue kwamba upo. Usianze kuchanga fedha kwa ajili yake leo.

Na mchumba? Nadhani anapaswa kujua kabla ya ndoa, lakini ajue yeye kwanza, kutoka kinywani mwako, baada ya vipimo kukamilika, na si kikao cha wazee wa pande mbili. Ukitaka, mchukue mwende naye kwa daktari siku ya majibu. Wapo watakaoondoka. Wapo wanaokaa, na wengine huuliza maswali mazuri kuliko ndugu zetu wenyewe. Uchungu utakaokujia baada ya majibu ni wa kweli na usionewe aibu. Omba kuonana na mshauri nasaha, na kama daktari anaweza kukukutanisha, kwa hiari zenu, na mwanamke mwingine mwenye hali hii, mazungumzo ya saa moja na huyo yatakufaa kuliko maelezo yangu yote haya.

*

Habari daktari. Nina miaka 31. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 9, ya pili wiki 11, ya tatu wiki 10. Baada ya kupigwa HSG nimeambiwa mfuko wangu una pembe mbili, na ni lazima nipasuliwe tumbo pembe ziunganishwe, la sivyo sitapata mtoto. Nimeanza kuchangisha pesa. Mume wangu anasema tungoje. Nani kati yetu yuko sawa? — Msomaji, Mombasa

Pole sana kwa mimba tatu, dada. Kwa sasa mume wako yuko sawa, ijapokuwa pengine si kwa sababu anazozijua yeye.

HSG ni eksirei inayopigwa baada ya dawa kumiminwa ndani ya mfuko wa uzazi, na uhodari wake ni kuonesha kama mirija imeziba. Umbo la mfuko huliona kwa ndani tu. Rudi kwenye mfano wa vyumba viwili: aliyesimama ndani ya nyumba iliyogawanywa na kiambaza haoni kama kwa nje paa ni moja au ni mawili. Mfuko wenye paa moja na kiambaza ndani, na mfuko ulioachana juu kwa nje ukawa na pembe mbili, vyote huonekana kwenye HSG kama masikio mawili ya sungura. Kinachovitofautisha ni sura ya nje ya kilele: kikiwa kimebonyea kwa zaidi ya sentimita moja, huo ni wa pembe mbili; kikiwa bapa, mviringo au na bonde dogo, ni mfuko mmoja wenye kiambaza. Ili kuiona sura hiyo unahitaji ultrasaundi ya pande tatu, inayopigwa kupitia ukeni, au MRI. Zamani tulilazimika kuingiza kamera tumboni, na hadi leo hufanyika pale ambapo picha hazikutosha.

Nasisitiza kwa sababu tiba zake ni tofauti kabisa. Mfuko wa pembe mbili kwa kawaida haufanyiwi upasuaji wowote. Operesheni uliyotajiwa ilibuniwa na Paul Strassmann wa Berlin, aliyeieleza mwaka 1907. Hukata ukuta wa mfuko na kushona pembe pamoja, huacha kovu linaloweza kupasuka katika mimba au uchungu, na humfunga mama kujifungua kwa upasuaji tangu hapo. Leo huifikirii ila umekwisha kumaliza kila njia nyingine. Wanawake wengi wenye pembe mbili huzaa, ila wanakabiliwa zaidi na kujifungua njiti na mtoto kutanguliza makalio. Kiambaza ndicho kinachohusishwa zaidi na mimba kutoka katika miezi mitatu ya mwanzo, na hukatwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi, bila jeraha lolote tumboni, mgonjwa akarudi nyumbani jioni.

Hata hicho kiambaza, hata hivyo, hakiwi sababu ya kukimbilia mkasi. Kwa miaka mingi tulikikata kwa imani iliyotokana na kulinganisha wanawake kabla na baada ya operesheni, tukisahau kwamba mwanamke aliyepoteza mimba tatu ana nafasi nzuri ya kufanikiwa mimba inayofuata hata asipoguswa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa kutoka Uholanzi, uliowagawa wanawake wenye kiambaza kwa kura: kati ya 39 waliopangiwa kukatwa, 12 walipata mtoto hai, kati ya 40 walioachwa, walikuwa 14. Ni utafiti mdogo, na wako mabingwa wanaoendelea kukata kwa mwanamke aliyepoteza mimba mara kwa mara, jambo ambalo siliiti kosa. Ningependa tu uambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya kuulaumu mfuko pekee, pimeni mengine. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2011 ulikuta hitilafu za umbo kwa wanawake wapatao 5 au 6 kati ya kila 100 wa kawaida, na 13 kati ya 100 waliopoteza mimba. Maana yake ni kwamba wengi wanaopoteza mimba wana mfuko usio na kasoro, na wengi wenye kasoro wanazaa bila kujua kwamba wanayo. Upimwe kinga zinazogandisha damu zijulikanazo kama antifosfolipidi, tezi ya shingo na sukari, na daktari aamue kama ninyi wawili mpimwe kromosomu. Kinga zile zikipatikana, zina dawa. Pesa ulizokwisha kuchangisha zitumie kwanza kwa ultrasaundi ya pande tatu.

*

Nina mimba ya miezi mitano. Ultrasaundi imeonesha nina mifuko miwili ya uzazi, mtoto yuko wa kulia. Je, ni lazima nipasuliwe? Na ule wa kushoto unaweza kushika mimba nyingine juu ya hii? — Mama mtarajiwa, Mwanza

Si lazima upasuliwe. Uamuzi utategemea mtoto amelalaje mwishoni, kwa kuwa mfuko wa upande mmoja ni mwembamba na watoto wengi humo hubaki wametanguliza makalio. Kiambaza kikiwepo hadi ukeni, mkunga ajue mapema. Kinaweza kukatwa wakati wa kujifungua kikizuia.

Kwa mimba ya miezi mitano wakati wa kupimwa urefu wa mlango wa kizazi ni huu, kabla wiki ya 24 haijapita, kwa sababu hatari yako kubwa ni kujifungua njiti. Maji yakivuja, kiuno kikianza kuuma kwa vipindi, au damu ikionekana, nenda hospitali yenye huduma ya watoto njiti, ambako utachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Omba figo zako zipimwe kwa ultrasaundi hiyohiyo.

Kushika mimba nyingine juu ya hii ni jambo usilohitaji kuliogopa. Kinachowezekana, kwa nadra sana, ni mifuko yote miwili kushika mimba kwa pamoja: mwaka 2019 mwanamke wa Bangladesh alijifungua mtoto mmoja, na siku 26 baadaye akajifungua mapacha waliokuwa katika mfuko wa pili ambao hakujua kama anao. Wewe umepimwa na wa kushoto ni mtupu. Utakua kidogo kwa homoni za mimba, hilo lisikushtue.

Baada ya kujifungua, yaandike mambo mawili kwenye kadi yako ya kliniki kwa herufi kubwa. Kitanzi kikiwekwa upande mmoja hakizuii mimba upande wa pili, hivyo chagua njia nyingine ya uzazi wa mpango. Na ukienda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, mwambie mhudumu kabla hajaanza kwamba una milango miwili, apake na kutazama yote miwili.